Maswali na majibu: Mkandarasi mdogo akiharibu kazi, unamdai nani?

Mkandarasi wangu alimpa mwenzake (mkandarasi mdogo) kazi ya sakafu. Marumaru zimebanduka, na mkandarasi mwenyewe kafilisika. Nikimshtaki aliyezipanga, ambaye sina mkataba naye, nitalipwa?

Kwa madai ya uzembe, yaani yale yasiyotegemea mkataba, uwezekano ni mdogo. Gharama ya kupanga upya, pamoja na kodi uliyoikosa wapangaji walipohama, ni hasara ya pesa tupu: hakuna aliyeumia wala mali nyingine iliyoharibika, na kazi mbovu yenyewe haihesabiwi kuwa mali iliyoharibiwa. Uingereza ilishika msimamo huo mwaka 1988 katika kesi ya D & F Estates, iliyohusu plasta ya mkandarasi mdogo, kisha ikaukaza mwaka 1990 katika Murphy v Brentwood. Plasta ikiangukia runinga yako, runinga utalipwa, plasta utajigharamia. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Kabla ya kukimbilia mahakamani, angalia kama mkandarasi aliweka dhamana ya benki, na kama kuna pesa uliyombakizia hadi kipindi cha marekebisho kiishe. Mara nyingi hapo ndipo penye chochote cha kupata.

Wakili wangu anasema kesi ya Junior Books inanibeba.

Muulize ameisoma hadi mwisho? Kiwanda cha kampuni hiyo kilikuwa Grangemouth, Scotland. Sakafu ilipasuka miaka miwili hivi baada ya kuwekwa, bila kumhatarisha mtu, na mwenye kiwanda hakuwa na mkataba na walioiweka. Mwaka 1982 majaji wanne kati ya watano walikubali kwamba anaweza kuwadai. Ila walichoamua ni kwamba madai yasikilizwe, si kwamba alipwe. Tena mweka sakafu huyo aliteuliwa kwa ajili ya mwenye kiwanda, ambaye alitegemea ujuzi wake, tofauti na fundi aliyeokotwa na mkandarasi bila wewe kujua. Tangu hapo mahakama za Uingereza zimeibana kesi hiyo hadi kubaki karibu peke yake.

Mahakama za Kenya na Tanzania hazifungwi na hukumu hizo, lakini huzisoma. Ukitaka hoja yenye nguvu zaidi, na kasoro yako ni ya hatari, tazama Kanada: mwaka 1995, katika kesi ya jengo la Winnipeg lililodondosha kipande cha ukuta wa nje kutoka ghorofa ya tisa, mahakama ilikubali mjenzi adaiwe gharama ya kuondoa hatari. Marumaru zilizobanduka hazifiki huko.

Mimi ni mkandarasi mkuu. Vioo vimekuja rangi isiyo sahihi na mwenye jengo kazuia malipo. Nimdai mtengenezaji?

Mdai uliyeandikiana naye. Kesi ya Simaan, ya mwaka 1988, ilihusu jengo la Abu Dhabi: vioo vilitakiwa viwe vya kijani sawasawa, vingine vikaja na wekundu. Mkandarasi mkuu alimruka mkandarasi wake mdogo akamshtaki mtengenezaji, akashindwa. Kila mmoja amdai aliye chini yake kimkataba.

Basi mimi mwenye jengo nijikinge vipi?

Sainishana mkataba mfupi wa moja kwa moja na kila mkandarasi mdogo wa kazi nzito (nguzo za msingi, paa, lifti, umeme) kabla hajaingia saiti. Ukishamlipa hana sababu ya kusaini.

Usikubali karatasi inayotaja usanifu na vifaa tu. Katika kesi ya Nottingham, pia ya 1988, mwenye mradi alikuwa na mkataba wa moja kwa moja na mchimba nguzo za msingi, lakini haukusema neno kuhusu namna ya kuifanya kazi. Uchimbaji wa kizembe ukachelewesha mradi; alipodai hasara ya pesa akakosa, maana wahusika waliandikiana na hilo wakaliacha. Kwa hiyo andika usanifu, vifaa, utendaji wenyewe, ucheleweshaji, bima yake, na haki ya kumhamishia mkataba huo atakayenunua jengo.

Nina muda gani?

Kenya na Tanzania, madai ya uzembe ni miaka 3, ya mkataba miaka 6.