Projekta ya mtumba: ijue inavyochora picha kabla hujatoa pesa

Ukiulizia projekta ya mtumba Mombasa, muuzaji atakutajia lumeni, yaani kipimo cha ukali wa mwanga. Wewe uliza kwanza picha inachorwa na nini, kwa sababu hilo ndilo linaloamua kitakachoharibika kwa joto na unyevu wa huku pwani.

Huhitaji fundi. Onyesha ukurasa mweupe mtupu, kisha punga vidole haraka mbele ya lenzi. Kivuli kikiwa na kingo nyekundu, kijani na buluu, hiyo ni DLP. Ndani mna chipu ya vioo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila kioo huinama huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde: kikielekea lenzi nukta inawaka, kikigeuka inazima. Rangi zaletwa na gurudumu linalozunguka kwenye njia ya mwanga, moja baada ya nyingine, upesi hata jicho likazichanganya. Vidole vyako vimezifumania tu.

Sasa weka picha nyeusi. Vinukta vyeupe visivyosogea ni vioo vilivyokwama, na vikishaanza huongezeka. Dawa yake ni chipu mpya, basi. Mlio mwembamba kama wa mbu? Beringi ya gurudumu hiyo.

Kivuli kikibaki cheusi, aghalabu ni LCD. Hapa mwanga hugawanywa kuwa rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila rangi ikapita paneli yake, kisha prizimu ikaziunganisha. Rangi zote zipo kwa pamoja, ndiyo maana ukumbini mchana, mpira au harusi, LCD hupendeza kuliko DLP nyingi za bei hiyo hiyo. Lakini hewa ya feni hupita kando ya paneli, na vumbi nalo. Doa la mviringo lenye ukungu, ambalo hukolea ukizungusha fokasi, ni vumbi, linasafishika. Doa la manjano kwenye picha nyeupe ni jambo jingine: utando wa paneli ya buluu umeungua. Usinunue, hata ukipunguziwa nusu. Mara nyingi chanzo ni chujio la hewa lililoziba. Lako lisafishe kila mwezi, na kando ya barabara ya vumbi kila wiki mbili.

LCoS, ambayo paneli zake huakisi mwanga badala ya kuupitisha, hutoa weusi mzuri, ila ni ghali na nadra. Ipite.

Fungua menyu usome saa za taa. Taa ya kawaida hudumu kama saa 3,000 hadi 5,000. Leza hufika 20,000. Taa haipendi kuzimika ghafla ikiwa moto, basi tafuta UPS, betri ya akiba, ili stima ikikatika feni ipate dakika chache za kuipoza.

Na ukiitoa ofisi yenye kiyoyozi kwenda kufunga uani, lenzi itatoa jasho. Iache nusu saa bila kuiwasha.