Risasi Ikitoka Mkononi mwa Mtoto, Aulizwe Mtu Mzima

Kila inaposikika kwamba mtoto amemjeruhi mwenzake kwa risasi, hapa kwetu kauli mbili hutangulia: utundu wa mtoto na mapenzi ya Mungu. Nimeishi Igombe, kando ya Ziwa Victoria, wilayani Ilemela mkoani Mwanza, tangu niolewe, katika nyumba yenye bunduki, kwa kuwa mume wangu ana mitumbwi na wizi wa injini na nyavu ziwani tumeuonja. Kwa hiyo siwalaumu wanaomiliki silaha kihalali. Ninachosisitiza ni kwamba wa kwanza kuulizwa awe mtu mzima aliyeiacha silaha mahali ambapo mtoto aliweza kuifikia.

Sheria yetu imeshaona hivyo. Kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyorekebishwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kinasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki isipokuwa ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda alilotenda. Nako Marekani, jimbo la Florida lilitunga sheria mwaka 1989 ya kumwajibisha mtu mzima anayeacha silaha yenye risasi mahali pa kufikiwa na mtoto.

Wazazi wengi huniambia, "Wangu nimewaonya, hawagusi." Kuonya ni wajibu, lakini hakutoshi hata kidogo. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanyika Atlanta, ambapo makundi 29 ya wavulana wa miaka 8 hadi 12 yaliachwa katika chumba chenye bastola halisi, isiyo na risasi, iliyofichwa kwenye droo. Makundi 21 yaliiona, 16 yakaishika, na katika 10 alikuwamo mtoto aliyevuta kifyatulio. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuifyatua walisema walikwisha kufundishwa juu ya hatari za silaha.

Ndiyo maana kwetu tunategemea kufuli. Bunduki hulala tupu ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na risasi hukaa chumba kingine, katika kasha lenye ufunguo wake. Mume wangu anaporudi alfajiri kutoka mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, amelowa na kuchoka, huifungua bunduki nje, mtutu ukielekea mchangani, huitazama chemba, yaani tundu inamokaa risasi, na kuipapasa kwa kidole, kabla hata hajavua koti la mvua. Saa ya uchovu ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo mtu husema ataiegemeza kidogo tu. Juu ya kabati na uvunguni si mahali pa kufichia. Watoto wanapajua kuliko sisi.

Lipo pia gobole la marehemu babu, ambalo familia nyingi huku kanda ya ziwa hulihifadhi kama kumbukumbu. Lipelekeni polisi. Mara kwa mara Serikali hutangaza muda wa msamaha wa kusalimisha silaha zinazomilikiwa kinyume cha sheria, na hakuna sababu ya kuuacha upite.

Jirani yetu mmoja alitembelewa na ndugu yake, mlinzi, ambaye aliegemeza shotigani nyuma ya mlango akaenda kunawa mikono ale. Mvulana wa darasa la pili aliinyanyua, risasi ikampata dada yake pajani. Binti alitibiwa akapona, lakini mvulana alikataa kuingia ndani ya nyumba ile, kwa sababu kila mgeni aliyekuja kutoa pole alimtaka asimulie upya alivyofanya, na mzee mmoja alimwita muuaji mbele ya watu. Nilimsihi mama yake azuie masimulizi hayo na amwone afisa ustawi wa jamii, naye alifanya hivyo. Lililomsaidia zaidi, kwa nilivyoona, ni kwamba yule mlinzi alirudi baada ya kuhojiwa polisi, akakaa na mtoto mbele ya wazee walewale, akamwambia waziwazi: "Mwanangu, kosa ni langu, mimi ndiye niliyeiacha." Mtu mzima yeyote aliyefikwa na jambo kama hili ninamwomba aseme hivyo mapema, na aseme mbele ya watu, si faraghani.