Mkono wa kushoto kwanza, mgongo baadaye

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini kila ukiingia ippon seoi nage, ule mwereka wa judo wa kumtupa mtu kwa kumpitisha juu ya bega, mwenzako anakulalia mgongoni tu, hainuki wala haanguki, na kama dawa yake ni kwenda kunyanyua vyuma. Vyuma havitakudhuru, lakini ulivyonieleza, shida yako si nguvu. Unageuka kabla hujamvuta. Mtu aliyesimama imara kwa nyayo zote mbili utambeba mzima mzima. Aliyekwisha kunyanyuka visigino anakuja mwenyewe, wewe unampa njia tu.

Kodokan, shule ya judo aliyoianzisha Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, inauweka mwereka huu katika kundi la mbinu za mikono. Haikuuweka kwenye mbinu za nyonga, ingawa ukiutazama kwa mbali unaona mgongo na nyonga vikifanya kazi. Zingatia hilo kila unapofanya mazoezi.

Naeleza kwa upande wa kulia. Mkono wako wa kushoto umeshika koti lake chini kidogo ya kiwiko chake cha kulia, kwa nje. Wa kulia umeshika ukosi. Anza na wa kushoto: vuta mbele na juu, kiwiko chako kipande hadi usawa wa bega, kidole cha mwisho kielekee juu, kama mtu anayetazama saa mkononi. Usivute chini. Ukivuta chini unampandikiza ardhini, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Uzito wake unatakiwa uje kwenye vidole vya mguu wake wa kulia, na kwapa lake lifunguke. Kwapa lisipofunguka, mkono wako wa kulia hauna pa kupita, utalazimika kuusukumiza, naye atajua unachotaka.

Mvuto ukiwa bado unaendelea, weka mguu wako wa kulia mbele ya mguu wake wa kulia, upande wa ndani kidogo, ukiacha nafasi ya shubiri hivi. Geuka juu ya vidole vya mguu huo, mguu wa kushoto urudi nyuma ukatue mbele ya mguu wake wa kushoto. Sasa nyote wawili mnatazama upande mmoja, na nyayo zako ziko katikati ya zake. Usizitanue kupita mabega yako, maana ukizitanua magoti hayana nguvu ya kusukuma juu.

Ukosi umeshauachia. Mkono wa kulia umepita chini ya kwapa lake, na sehemu ya juu ya mkono wake imebanwa ndani ya kiwiko chako. Bana kwelikweli, ngumi yako ije karibu na bega lako, na usiache upenyo kati ya mgongo wako na kifua chake. Upenyo wa vidole viwili tu unatosha kumpa nafasi ya kushusha nyonga na kukusukuma kiunoni kwa mkono wake wa kushoto. Kiwiko chako cha kulia kisipande juu ya bega. Kikipanda, mzigo unaning'inia kwenye kiungo cha bega, na bega likiumia huchukua muda mrefu kupona.

Kisha magoti. Yakunje mpaka mkanda wako uwe chini ya mkanda wake, mgongo ukiwa wima. Unaponiambia kiuno kinauma baada ya mazoezi, naona mtu anayeinama badala ya kuchutama. Ukiinama, uzito wote unaingia kwenye uti wa mgongo, shingo yako inabaki mbele yake, na akiwa mjanja atakukaba kwa nyuma. Ukichutama, mapaja ndiyo yanayoinua. Nyoosha magoti, geuza kichwa utazame kushoto, zungusha bega la kulia kuelekea goti lako la kushoto, na mkono wa kushoto uvute hadi nyongani kwako. Mvuto huo ni ule ule ulioanza nao, haujakatika hata mara moja. Kichwa kisielekee chini kwenye mkeka. Kutanguliza kichwa wakati wa kutupa kunavunja shingo, na katika mashindano kunakutoa mchezoni papo hapo.

Akienda chini, usiachie koti lake. Liinue kidogo ili atue kwa mgongo na ubavu, apige mkeka kwa mkono wake wa kushoto. Kama mwenzako bado anatanguliza kiganja kujizuia, usimtupe kabisa. Arudi kwanza kwenye mazoezi ya kuanguka, kwa sababu kifundo cha mkono au kiwiko kitateguka.

Rafiki zako wanakwambia upige magoti yote mawili chini, ni rahisi zaidi. Ni rahisi kweli, na ndiyo maana sitaki uanze nako. Magoti yanagonga mkeka yakiwa yamebeba uzito wa watu wawili, na mwenzako anaanguka kutoka kimo kifupi bila nafasi ya kuzunguka vizuri, kichwa kikiwa karibu na mkeka. Japani kanuni za mashindano ya watoto zinakataza kuingia hivyo. Jifunze ukiwa umesimama kwanza. Toshihiko Koga, Mjapani aliyetwaa dhahabu ya judo ya kilo 71 katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 akiwa na goti lililojeruhiwa, alikuwa akitupa kwa seoi nage akiwa wima. Mtazame kwenye video, lakini usiige miguu yake iliyotanuka. Ile ni njia yake, inataka miaka.

Mazoezi yenyewe: funga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo usawa wa bega, shika ncha moja kwa mkono wa kushoto, na uingie mara kumi polepole, ukihakikisha tyubu inakaza kabla mguu haujaondoka. Pumzika, rudia seti nne. Ukiwa na mwenzako, ingia mara tisa bila kutupa, ya kumi umtupe. Mkiwa watatu ni bora zaidi: mmoja amshike mwenzako mkanda kwa nyuma, amzuie. Hapo hutaweza kudanganya, kwani mvuto dhaifu hautamtikisa. Idadi usiifukuze. Ukiona umeanza kuinama kwa kuchoka, simama.

Baadaye, atakapokuwa amekuzoea na anaegemea nyuma kila unapogeuka, usishindane naye. Bakiza mkono wake ulioubana, rudi ndani kwa mguu wa kulia, uzungushie mguu wake wa kulia kwa ndani, na umsukume kwa kifua aangukie nyuma. Suruali yake usiishike. Kushika miguu kwa mkono kulikatazwa kabisa katika mashindano ya kimataifa mwaka 2013. Akikaa mbali nawe, mtishie kwanza mguu wake wa kushoto kwa ouchi gari, yaani kuufyeka kwa ndani kwa mguu wako wa kulia. Akiuondoa na kujirudisha mbele, ndiyo nafasi yako ya kugeuka.

Wiki hii muombe mtu akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Simamisha video pale mguu wako wa kulia unapogusa mkeka, utazame visigino vyake: vimenyanyuka au bado? Kisha simamisha tena ukimaliza kugeuka, ulinganishe mikanda miwili. Nitumie picha hizo mbili, na uniambie pia goti la kulia linasikiaje unapopanda ngazi.

Mama yako