Maswali ya Wasomaji: Ndege, viboko na baiskeli pwani ya Bagamoyo

Barua nyingi za safari hii zinauliza mahali pa kwenda. Majibu yetu yatakutajia saa mara nyingi kuliko mahali, kwa sababu pwani ni maji yanayokuambia utaona nini. Saa zote ni za Kiswahili.

Shikamooni wahariri. Huku Bagamoyo hatuna ziwa, basi mabwawa ya chumvi ndiyo ziwa letu. Nilisikia yana ndege wengi. Nilikwenda Jumamosi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nikafika saa 4 asubuhi. Nilichoambulia ni yangeyange wawili na jua kali. Je, ndege wamehama? (Msomaji, Dunda)

Marahaba. Hawajahama, walikuwa kazini. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, saa 4 asubuhi yanakaribia kupwa kabisa, na ndege wa matopeni, kina kitwitwi na sululu, wametawanyika kwenye tope lililo wazi mbele ya mikoko wakichokoa minyoo na kaa wadogo. Maji yakijaa tope linafunikwa, nao hutafuta pa kusimama mpaka yapwe tena. Mabwawa ya chumvi na kuta zake huwafaa sana kwa hilo. Siku ileile ungefika saa 9 alasiri ukatulia hadi saa 12, ungewaona wakiingia kundi baada ya kundi. Tena jioni jua linakuwa magharibi: simama ulipe mgongo, ndege watang'aa mbele yako badala ya kuwa vivuli vyeusi.

Hesabu yake ni hii. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa yapata saa 10 hadi 11, alfajiri na jioni, na hupwa yapata saa 4 hadi 5. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya juma moja unaingia maji mafu. Hapo maji hujaa karibu saa 4 asubuhi, saa nzuri kwa mtu wa ofisini, ila hayapandi sana. Tope halifunikwi lote, na ndege hawana sababu ya kuliacha. Ndiyo maana tunasema subiri bamvua. Ukitaka saa kamili ya siku yako, muulize mvuvi yeyote sokoni kwa samaki.

Jambo la pili ni bwawa lenyewe. Mtu huvutiwa na yale meupe ya mwisho, chumvi inapoganda, na humo karibu hakuna kinachoishi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na yakifika kwenye bwawa la kuvunia yamekwisha kukauka hadi kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Samaki na kamba hawawezi kuishi humo. Anzia bwawa la kwanza, lile linalopokea maji kutoka kwenye mfereji wa bahari. Hapo ndipo utakuta korongo, mnandi na mdiria. Heroe hawana ratiba. Huja maji yakiwa ya kina kifupi yenye chakula chao, na huondoka bila kuaga.

Kuhusu majira, ndege wageni kutoka Ulaya na Asia huanza kufika Agosti na Septemba, na wengi huwa wameondoka ifikapo mwisho wa Aprili. Juni utabaki zaidi na wenyeji. Omba ruhusa kwa wenye mabwawa kabla ya kuingia, na usikanyage ukingo wa kuta. Ni udongo mtupu. Ukibomoka, maji ya bwawa moja yanamwagikia jingine na kazi ya siku nyingi ya mtu imeharibika.

Nina baiskeli ya gia niliyonunua mtumba. Naendesha ufukweni kutoka mjini kuelekea Kaole na Mbegani. Mchanga unaninasa, na cheni imeshika kutu ndani ya miezi michache ingawa naipaka oili ya gari iliyotumika. (Kijana wa Magomeni, Bagamoyo)

Kijana, oili chafu ndiyo inayokula cheni yako. Ni nzito, inashika mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili unakuwa msasa unaozunguka kati ya pini na roli. Mafuta ya kupikia nayo hayafai, yanaganda kama gundi. Tumia oili nyepesi, hata ile ya cherehani. Zungusha pedeli kinyumenyume taratibu, dondosha tone moja kwa kila kiungo upande wa ndani wa cheni, ngoja dakika kumi, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje ionekane kavu. Oili inahitajika ndani ya kiungo. Inayobaki nje ni mtego wa mchanga.

Kabla ya oili, chumvi itoke. Ukirudi tu, usingoje kesho, mwagia baiskeli nzima ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi kwa kopo. Usitumie mpira wa maji wenye nguvu kwenye vikombe vya magurudumu na vya pedeli, kwa sababu unasukuma chumvi hadi kwenye goroli na kutoa grisi iliyomo. Futa, acha ikauke kivulini, ndipo uweke oili. Mara moja kwa mwezi chomoa bomba la kiti, lipake grisi, ulirudishe. Watu husahau hapa, na baada ya mwaka linang'ang'ania ndani ya fremu, halipandi wala halishuki. Angalia pia vichwa vya spoku pale zinapoingia kwenye ringi, maana kutu huanzia hapo na spoku hukatika ukiwa mbali na fundi.

Mchanga ni suala la upepo na saa. Punguza upepo wa tairi hadi kidole gumba kibonyee kidogo, lakini ringi isiguse chini ukikalia kiti, kwani tyubu itabanwa na kupasuka matobo mawili sambamba. Beba pampu, ukirudi barabarani ujaze. Endesha kwenye mchanga mgumu wa majimaji tu, ambao hupatikana kama saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kupwa. Siku za bamvua hiyo ni kuanzia saa 2 au saa 3 asubuhi. Kwa hiyo unaweza kuendesha asubuhi, na jioni ya siku hiyohiyo ukaenda kuangalia ndege kwenye mabwawa kama tulivyomwambia mwenzako wa Dunda.

Vijito vinavyomwaga baharini vivuke ukijua saa yako ya kurudi. Ulichokivuka maji yakifika kwenye kifundo cha mguu, saa tatu baadaye kinaweza kuwa kifuani. Miezi ya kusi, upepo wa kusini, kuelekea Kaole unakwenda dhidi ya upepo, na hilo ni zuri: unataabika asubuhi ukiwa na nguvu, unarudi ukisukumwa. Kaskazi ikivuma mambo yanageuka, basi okoa nguvu za kurudi.

Nataka kuwapeleka wanafunzi 30 wa darasa la sita kuona viboko mto Ruvu. Wazazi wana hofu. (Mwalimu, Bagamoyo)

Mwalimu, hofu yao ina msingi. Kiboko hula nyasi usiku nchi kavu, na alfajiri hurejea majini kwa njia yake ileile. Mara nyingi anayeumizwa ni yule aliyesimama kati yake na maji bila kujua. Basi safari yote iwe kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Msitembee kwenye vichochoro vya majani vilivyolala kuelekea mtoni, na msikae ukingoni kabisa. Mamba hushambulia akitokea majini ghafla, kwa hiyo hata kunawa mikono kufanyike kwa maji ya kwenye dumu.

Kwa mashua, gawa watoto katika makundi madogo, kila mmoja avae jaketi la kuokolea linalomtosha (la mtu mzima humchomoka mtoto kichwani), na nahodha awe mtu wa mto huo. Muulize mnaingia maji yakiwaje. Jibu sahihi ni "yanajaa". Karibu na mlango wa mto mashua ikikwama kwenye tope maji yakijaa, huinuka yenyewe baada ya muda mfupi; ikikwama yakipwa, mtakaa hapo saa nyingi na watoto juani. Kiboko akizama, msisogee alipokuwa. Anaweza kukaa chini kama dakika tano na kuibukia penginepo. Akipanua kinywa si miayo, anawafukuza. Nahodha arudi nyuma polepole.

Darubini ipi ya kununua kwa ajili ya ndege, 8x42 au 20x50? (Msomaji, Pangani)

8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukuzaji wa 20 unakuza pia mtetemeko wa mikono yako, na ndege atakuwa anacheza ngoma machoni. Kwa mwanga wa jioni gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni zaidi ya 5, 50 kwa 20 ni 2.5. Kadiri jibu linavyokuwa kubwa, ndivyo picha inavyong'aa.

Vijana wetu hupenda kuogelea kwenye malambo wakitoka kutembea. Tunaambiwa kuna kichocho. Je, wapimwe lini? (Mzazi, Tanga)

Wakatazwe kwanza. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji baridi yaliyotuama au yaendayo polepole, hasa kuanzia asubuhi jua likiwa kali hadi alasiri, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Bahari haina tatizo hilo. Bwawa la Mabayani, kwa sababu nyingine, wasiliguse kabisa: ni chanzo cha maji ya jiji la Tanga, na kulitembelea ni kwa ruhusa ya mamlaka ya maji.

Kwa waliokwisha kuoga, kupima wiki ijayo hakutaonyesha kitu, kwa kuwa mayai huanza kutoka baada ya miezi miwili au zaidi. Mkojo uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, na tone la mwisho liingie kwenye kichupa. Akionekana nayo atapewa prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wake, ameze baada ya kula.