Leaf ya kW 3.3 na chaja ya ukutani ya kW 22

Mkuu wa Nyegezi uliyeuliza kama ufunge chaja ya ukutani ya kW 22 kwa ajili ya Nissan Leaf yako, gari la umeme: achana nayo. Leaf yako ina chaja yake ndani ya gari, ya kW 3.3, na hiyo ndiyo inayoamua. Ukutani ufunge kubwa utakavyo, gari litavuta 3.3 zake tu. Tena kW 22 zinataka fezi tatu, nawe umesema una fezi moja. Ya ampea 16 inakutosha: betri ya kWh 24 inajaa kwa saa nane hivi, umelala. Ukiwaza kubadili gari, funga ya ampea 32, kW 7.4.

Hela inayobaki weka kwenye eathi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Kwa miamba yetu hii ya Mwanza, fundi anagongea rodi nusu futi anasema tayari. Aipime eathi hiyo kwa kifaa, mita ya eathi, mbele yako.