Jibu: Miaka sita ya ndoa, hanitoi tena. Amenichoka?

Dada, unasema mumeo hakutoi tena Jumamosi, na maongezi yenu siku hizi ni ada na luku tu. Mimi niko Pasua, Moshi, ndoa ina miaka 23. Mwaka wa sita kwetu ulikuwa hivyo hivyo: watoto wadogo wawili, mimi nashinda Kiboroloni na belo la mitumba, yeye anarudi usiku, anakula, analala. Nilifikia hadi kumpekua simu. Sikukuta kitu, nikabaki na aibu yangu.

Mapenzi ya uchumba hayarudi, nisikudanganye. Ila watoto walipoenda bweni nyumba ilipoa, tukawa tunatazamana kama wageni. Jumapili moja akaenda mwenyewe soko la Mbuyuni, akarudi na ndizi na nyama ya mifupa, akapika mtori. Uliungua chini. Niliumaliza! Tangu hapo Jumapili jiko ni lake, na chai yangu anaiweka kwenye chupa bila sukari, maana daktari alinikataza.

Kama anakupiga, hilo ni jingine kabisa: Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza, nenda dawati la jinsia polisi. Lakini kama ni uchovu tu, mwachie jiko siku moja uone.