Re: Kifurushi kimerudishwa Debian, lintian haikulalamika
Salama mkuu. Kwa hiyo lintian, ile zana ya kukagua makosa ya vifurushi vya Debian (mfumo endeshi wa Linux), iko kimya, ila kifurushi chako cha programu kimerudishwa kutoka NEW, foleni ya kukagua vifurushi vipya, kwa ajili ya hakimiliki. Usishangae, lintian haisomi leseni kama wanavyosoma wakaguzi wa foleni ile. Anza na debian/copyright, faili linaloorodhesha leseni: endesha licensecheck -r . (inatafuta leseni ndani ya kila faili) kisha linganisha faili kwa faili. Changu kilikwamishwa na folda moja ya vendor/ (msimbo ulioletwa kutoka miradi mingine), ndani faili mbili za C zenye leseni ya BSD, na mimi kwenye debian/copyright nimejaza leseni ya GPL-3 juu mpaka chini. Aibu! Angalia pia JavaScript iliyobanwa, ile ya mstari mmoja mrefu. Bila msimbo chanzo wake haipiti. Halafu jenga upya kwa sbuild (zana ya kujenga kifurushi katika mazingira safi) kabla hujapandisha tena.